Rakaa Mbili Tu

Buyenzi, Bujumbura
12 Januari 2025

Mama Fadhila,

Pokea salamu zangu, na nyingine mpe mama ukimnywesha uji, umwambie zimetoka kwa yule mkwe wake mwenye kelele. Barua hii anakuletea Mawazo, yule mama mchuuzi, anarudi huko Rumonge kuchukua mawese, kama gari alilopanda litapata esansi. Juzi tulipoongea kwa simu ya jirani yako nilisikia watu watatu wakiitikia salamu, na mmoja akaniuliza bei ya sukari mjini. Spika ile imekwama, au wameikwamisha? Kuanzia leo mambo ya nyumba yetu yatapita kwenye karatasi.

Hapa hatujambo. Fadhila anapika, wali wake unakatwa kwa kisu, lakini wadogo zake wanakula bila neno kwa sababu nimewatisha. Mji umesimama. Magari yamepanga foleni ya esansi kwenye vituo vya mafuta na madereva wanalala humo humo. Gari lisilotembea haliharibiki, na lisipoharibika sisi tutakula nini? Garajini kwa Hadji Khaled kilichobaki ni makamyo tu, yale malori makubwa. Amesema akibanwa zaidi atabaki na mafundi wachache, wenye nguvu.

Unamkumbuka Mzee Karimu, aliyenifundisha kushika spana. Utaratibu wetu unaujua: adhana ya adhuhuri ikilia tunaweka vyombo chini, tunaosha grisi, tunakwenda msikitini pamoja na kusimama safu moja, Khaled katikati. Wiki iliyopita Mzee Karimu aliomba kiti, magoti hayamsikilizi tena. Watu walimpisha vizuri, Khaled mwenyewe akamletea kiti. Jioni akamwita mbele yetu, akamwambia kwa upole kabisa: "Muzee wangu, mutu mwenye hawezi kuinama mbele ya Mungu, namuingiza namna gani chini ya kamyo? Enda upumuzike." Mzee alichukua koti lake akaenda. Kila adhuhuri namtafuta kwenye safu kwa mazoea.

Mimi mzima. Siku hizi nalala chini kwenye mkeka, joto limezidi.

Mumeo,
Twalibu


Rumonge
26 Januari 2025

Baba Fadhila,

Barua imefika, inanuka mawese lakini inasomeka. Mama yuko vile vile tangu mwezi wa kumi nilipokuja kumuuguza. Upande wa kulia haujaamka, na maneno hayajarudi. Anasikia kila kitu, tena anasikia kuliko zamani. Dawa ulizotuma anameza asubuhi na jioni. Nilipomwambia salamu zako alitabasamu kwa nusu ya mdomo.

Sasa niambie, joto gani hilo? Mawazo amekuja hapa na kanga imelowa, anasema huko Bujumbura mvua haijakatika. Na wewe ni mtu wa godoro. Uliponioa ulinunua godoro kabla ya sufuria, mpaka dada zako wakatucheka. Leo unalala kwenye mkeka kwa sababu ya joto?

Halafu Mzee Karimu umemsimulia kwa urefu kuliko watoto wako wote watatu. Kuna kinachokuuma. Usinifiche, maana huku mbali natunga mabaya zaidi kuliko yaliyopo.

Mkeo,
Hayat


Buyenzi
9 Februari 2025

Mama Fadhila,

Ni mgongo.

Ulianza mwezi wa tisa, ulipokuwa bado hapa. Tulikuwa tunashusha giaboksi ya Hiace, Audace yule mchomeleaji akateleza na grisi, mzigo wote ukabaki mikononi mwangu. Sikuuachia, maana chini yake kulikuwa na mguu wake. Tangu siku hiyo kuna moto unaotoka kiunoni, unapita pajani, unashuka mpaka kisigino. Nilikwambia ni uchovu, ukanikanda kwa mafuta ya moto, nikalala nimeuma mto.

Nilikwenda kwa daktari bila kukuaga. Alisema ule mto ulio kati ya pingili za uti wa mgongo umepasuka, umekandamiza mshipa. Alisema hautapona, nitaishi nao, na nisinyanyue kitu kizito tena maisha yangu yote. Kupasuliwa ni nchi za mbali, alizitaja kama mtu anayetaja peponi. Nikamuuliza kama ana kazi nyingine ya kunipa. Alicheka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kulala chini ya gari naweza. Kuinuka ndiko kunakoniua, nasubiri wengine wageuke ndipo najikokota. Kamba za viatu ananifunga Fadhila, anadhani ni uvivu wangu wa siku zote. Vidonge vinapunguza, ila vinanilewesha, asubuhi natembea nikiyumba.

Na sala, Hayat. Wiki iliyopita nilikwenda sijida, nikashindwa kuinuka. Safu nzima imesimama, mimi kipaji cha uso bado kiko kwenye mkeka. Baadaye watu walinishika mkono wakinisifu, eti nina unyenyekevu siku hizi. Nilicheka pamoja nao, jasho likinitoka. Tangu hapo nimejitolea kulinda vyombo wakati wenzangu wanakwenda kuswali. Wakishatoka naswali stoo peke yangu, nimekaa juu ya tairi.

Nimwambie Khaled? Nieleze unavyoona. Mimi kichwa kimechoka.

Twalibu


Rumonge
20 Februari 2025

Baba Fadhila,

Nimelia kwanza ndipo nikashika kalamu. Nililia kwa hasira pia. Nilikuwa nalala ubavuni mwako, na wewe unauma mto.

Usimwambie. Nimeligeuza jambo hili kila upande na jibu ni hilo hilo. Mzee Karimu amemfanyia kazi Khaled tangu sisi hatujaoana, akaondolewa kwa maneno matamu kati ya adhuhuri na magharibi. Wewe atakuonea huruma gani zaidi? Watoto wana shule, mama ana dawa, na mimi siwezi kumwacha, hana mwingine wa kumgeuza kitandani. Tukikosa kazi hiyo, hatuna ya pili.

Mungu anakuona juu ya tairi lako na amekuruhusu, mgonjwa huswali anavyoweza. Khaled si Mungu, hana haja ya kuona. Endelea kulinda vyombo. Mtu akikuuliza kama unaumwa, sema huumwi.

Ramadhani imekaribia. Daktari alikuambia vidonge hivyo umeze ukiwa umekula, najua. Basi kula, utakuja kulipa au kulisha maskini. Lakini kula mafichoni, tafadhali.

Hayat


Garaji, Buyenzi
16 Machi 2025

Binti yangu Hayat,

Assalaam alaykum. Ni mimi Khaled, niliyesimama shahidi siku ya ndoa yako. Maneno haya si ya kwenye simu, ndiyo maana nimempa Mawazo karatasi iliyofungwa.

Mume wako ametuacha. Mwili wake uko hapa kazini, lakini swala ya pamoja ameiacha tangu mwezi uliopita. Anasema analinda vyombo. Vyombo vyangu vimekaa miaka yote bila mlinzi na havikuibiwa. Tarawehe hajakanyaga hata moja. Asubuhi anakuja anayumba, macho mazito, na mafundi wengine wamekwisha kusema wanachofikiri, mimi nikawakataza.

Wiki hii nimeshindwa kukataza. Unamjua Audace, ni Mkristo mwenye adabu, mwezi huu hula chakula chake nyuma ya stoo ili asitukwaze. Juzi alikuwa anaongea kwa furaha, hana ubaya wowote, akasema: "Mwaka huu sili peke yangu, nakulaka na Twalibu." Mafundi wote wakaacha spana wakamgeukia. Audace alipoona nyuso zetu akataka kurekebisha, akasema alimuuliza kama anaumwa, na Twalibu akajibu haumwi, ni njaa tu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mume wako si mjinga. Angekuwa mgonjwa angesema. Mgonjwa ana ruhusa, nani angemlaumu? Mzee Karimu alisema, nikampumzisha kwa heshima, na fungu la zaka linamfikia.

Mimi naweza kukaa na fundi mzembe. Siwezi kukaa na mtu anayekula mchana wa Ramadhani kisha anaingia kwenye safu ya riziki yangu. Namngoja mpaka sikukuu. Kwenye sala ya Idi nitamtazama. Asipokuwepo, asirudi garajini, nafasi yake wapo wanaoililia. Zungumza naye, wewe anakusikia.

Baba yako,
Khaled


Rumonge
21 Machi 2025

Baba Fadhila,

Khaled ameniandikia. Najua yote, la Audace, la njaa, na la watu wanaosema unalewa. Wewe hukuniambia hata moja.

Kwa nini ulimjibu Audace kwamba huumwi? Halafu nikakumbuka nani alikufundisha kujibu hivyo. Nimekaa na hilo tangu juzi.

Mawazo naye hakuja na karatasi tu, alikuja na mdomo. Amemwaga habari hizo kitandani kwa mama, eti anamliwaza. Tangu siku hiyo mama hamezi dawa. Nikimsogezea kijiko anafunga mdomo na kugeukia ukutani, maana zimenunuliwa na mtu anayekula mchana. Nimemwambia wewe ni mgonjwa. Ananitazama kama mke anayemtetea mlevi wake. Nimeapa, bado haamini.

Na Khaled atafanya nini tukimwambia leo? Akiamini, wewe ni Mzee Karimu wa pili, na zaka haitoshi watoto watatu na mgonjwa. Asipoamini, wewe ni mlevi na tena mwongo. Imebaki njia moja, naiona mbaya, ila heri nusu shari kuliko shari kamili. Nenda kwenye sala ya Idi. Simama kwenye safu, uiname kama wengine, mbele ya macho yao. Siku hiyo huruhusiwi kufunga, meza vidonge vyako alfajiri na tende na uji. Ni rakaa mbili tu, Baba Fadhila. Utazistahimili. Wakishakuona watanyamaza, na kazi utabaki nayo.

Naogopa ninachokuomba. Naogopa zaidi kuwaona wanangu wanafukuzwa kwenye nyumba ya kupanga.

Hayat


Buyenzi
Siku ya Idi, jioni

Mama Fadhila,

Nimekwenda.

Fadhila alinipigia kanzu pasi, nikameza vidonge viwili pale ninapomeza kimoja. Uwanjani Khaled aliniona nikiwa mbali. Hakuniita. Aliwasogeza watu tu, pakatokea nafasi upande wake wa kulia, nami nikaingia.

Rakaa ya kwanza ilikwenda. Nilirukuu kama wengine, nikasujudu na kuinuka, nilidhani umeniombea sawasawa. Ya pili, kwenye sijida ya mwisho, kitu kiliachia kiunoni, nikakisikia kwa ndani kama uzi wa nguo unapokatika. Sikupiga kelele. Nilijiinua kwa mikono mpaka nikakaa, bega la Khaled likanizuia nisilale. Tulipotoa salaam nilikuwa nalia, Hayat, machozi na kamasi, mbele ya Buyenzi nzima. Ni maumivu yaliyoniliza. Wao wakadhani ni toba.

Walinizunguka. Watu ambao hawakuniitikia salamu mwezi mzima walinikumbatia, na kila aliyenikumbatia alinibana pale pale panapouma. Khaled naye alilia. Alinishika uso kwa mikono miwili akasema: "Mi sikuulizi kitu. Umerudi, imeisha. Kesho uje, ile kamyo kubwa nakuachia we, apana mwengine mwenye naamini."

Unaona alivyonipenda. Kazi ya ile kamyo ni giaboksi, na ndiyo nzito kuliko zote garajini. Amenipa kama zawadi ya sikukuu, na wenzangu wakapiga takbiri. Nilipaswa kusema nini pale? Nilisema alhamdulillahi.

Uliuliza kwa nini nilimjibu Audace vile. Ni kweli ulinifundisha, lakini ningejibu hivyo hata usingenifundisha. Nilikuwa nimeshika mkate wake mkononi, naye ananitazama kwa wema, nikaona nikisema ndiyo, basi nimekwisha. Alinifungulia mlango nikaufunga. Usikae na hilo peke yako.

Kesho naanza. Mwambie mama ameze dawa, mkwe wake ameonekana uwanjani.

Twalibu


Rumonge
10 Aprili 2025

Baba Fadhila,

Mama amemeza. Safari hii mdomo wa Mawazo umetufaa, alikuwa uwanjani upande wa wanawake, amesimulia ulivyolia mpaka mama naye akatokwa na machozi. Sasa anaufungua mdomo kabla kijiko hakijafika.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Hapo kwenye uzi nimeumia, lakini nimejituliza, maana kesho yake ulikuwa unakwenda kazini, na mtu anayekwenda kazini bado anasimama. Nilikuambia ni rakaa mbili tu. Mwombe Audace ashike upande mzito, sasa ana deni na wewe kwa ule mdomo wake.

Mawazo amerudi tena leo bila barua. Nilimuuliza, akasema alipita nyumbani, Fadhila akamjibu mlangoni kwamba umelala, mchana. Najua makamyo yanachosha. Niandikie hata mistari mitatu.

Hayat


Buyenzi
24 Aprili 2025

Mama Fadhila,

Mkono ni wa Fadhila, maneno ni yangu. Mimi nimelala kifudifudi, siwezi kukaa.

Ilikuwa siku ile ile ya kwanza. Audace alishika upande mzito bila kuombwa. Giaboksi ilipotoka kwenye bolti ya mwisho tuliipokea wote, nikaona Audace amesimama na mimi nashuka. Sikuhisi maumivu. Nilihisi miguu haipo. Walinileta nyumbani juu ya ubao, watoto wakadhani nimekufa. Niliwaomba Khaled na wenzake wasikuandikie, wala Mawazo wasimwambie, mpaka nikuambie mwenyewe.

Mguu wa kushoto hausikii hata ukichomwa sindano. Wa kulia unasikia moto tu. Haja zangu sizijui zinapokuja. Fadhila hataki kuandika hilo, nimemwambia aandike, wewe ni mama yake na lazima ujue anachofanya mtoto wako kila siku. Haendi shule. Nani angenigeuza? Anafanya kazi ile ile unayomfanyia mama, na hajawahi kunung'unika, angenung'unika ningepumua.

Khaled anakuja kila jioni baada ya alasiri, analeta unga, mafuta, sabuni, analipa daktari. Anaamini kamyo yake ndiyo iliyonivunja, siku moja baada ya toba yangu. Anajilaumu. Msikitini wananiombea kwa jina. Jana alikaa hapa kitandani akasema, Fadhila amesikia: "Nafasi yako hakuna mutu ataigusa. Unapona, unarudi. Mi nakungojea."

Nilitaka kumwambia. Kisha mtoto wetu mdogo akaingia na sahani ya wali wa Khaled, nikamjibu inshallah.

Daktari anayelipwa na Khaled amesema kile kile nilichoambiwa mwezi wa tisa, kwamba mgongo hautapona, kwa maneno ya Kifaransa. Khaled alisikia tu kwamba itachukua muda. Anamngoja fundi, Hayat, na huyo fundi hayupo tena. Tunachokula sasa ni kule kungoja kwake. Akijua mgongo huu ni wa zamani na tulimficha, mimi na wewe, mpaka nikasimama kwenye safu na kumdanganya kwa mwili wangu, chakula kitakwisha siku hiyo, na hata tusipokufa njaa hatutakuwa na wa kutuitikia salamu. Basi tunyamaze. Sasa tuko watatu tunaojua, Fadhila ameshajua anaandika nini.

Sikutaka kukuita, najua mama hana mwingine. Lakini mtoto amechoka. Mtafutie mama mtu hata wa wiki mbili, gari likipata esansi uje.

Ukishuka, watu watakusimamisha njiani kabla hujaufikia mlango, wengi wao wananipenda sasa. Watakuuliza habari zangu. Waambie naendelea vizuri.

Twalibu